Safari Iliyomkaa Fundi Lifti Kooni

Fundi lifti yule alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake wote: hapandi lifti. Akiitwa kutengeneza iliyokwama ghorofa za juu, hutupia begi la vifaa begani na kukwea ngazi mpaka juu, jasho likimchuruzika, na huku lifti ya pembeni, nzima kabisa, inapanda na kushuka na watu wake wakavu. Wakambandika jina la Bwana Ngazi. Aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba mganga hajigangi. Watu wakacheka, yakaisha. Nyumbani alimwambia mkewe kuwa ngazi ni dawa ya moyo, na mkewe, muuguzi ambaye kila siku aliwasihi wagonjwa wanyooshe viungo, akamsifu kwa hilo mbele za majirani na mawifi.

Ukweli aliujua yeye na Mungu wake.

Si kwamba aliogopa kazi. Akiwa juu ya paa la lifti, ndani ya shimo, giza chini na giza juu, kamba za chuma zikimpita karibu na sikio, alipiga mluzi kama mtu aliye bafuni kwake. Kilichomshinda ni kuwa ndani, mlango ukishafungwa. Alipokuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi, alinaswa peke yake katika lifti ya ghala moja, mkesha wa sikukuu, mlinzi ameshaondoka. Tochi ikafa. Aliugonga ukuta mpaka viganja vikachubuka, akaita mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake walipomfungulia alitoka akitabasamu, akasema ndiyo kazi yenyewe hiyo. Tangu siku ile hakuingia tena ndani ya lifti iliyofungwa, wala hakumweleza mtu kwa nini.

Kwa miaka mingi siri hiyo haikumsumbua. Aliishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu asilolitafunia. Kisha ikaja safari.

Mkewe alikuwa anakaribia kustaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika wodi ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa dobi, na katika miaka yote hiyo alitamani kitu kimoja: kwenda kuiona ile nchi kubwa ya mbali ambayo treni huikata siku nenda siku rudi bila kuimaliza, yenye jangwa upande mmoja na milima ya theluji upande wa pili. "Nataka kutazama mahali ambapo jicho haligongi ukuta," alisema. Nani angebisha? Binti yao, aliyekuwa mhasibu katika duka la nguo, akajitwika mipango. Kila Jumapili mchana aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kupigia pasi, wakajazana kwenye kochi kutazama picha: muuguzi, binti, na mdogo wa kiume wa muuguzi, kinyozi mmoja mwenye mdomo mwepesi, ambaye fundi alimwita shemeji na ambaye hakuna aliyekumbuka kumwalika katika safari ile ila yeye mwenyewe.

Walibishana kama wabunge. Binti alitaka miji mikubwa. Shemeji alitaka jangwa, maana alisikia huko mtu anaweza kuteleza juu ya mchanga kwa ubao. Muuguzi alitaka treni na milima, basi. Fundi alikaa kwenye kona ya kochi, kikombe cha chai kikipoa mkononi.

"Hiyo ndege," aliuliza Jumapili moja, "inakaa hewani muda gani?"

"Usiku kucha na asubuhi yote, Baba," binti alijibu bila kuinua macho. "Unalala tu. Ukiamka umefika."

"Na madirisha yake yanafunguka?"

Kochi zima likalipuka kwa kicheko. "Shemeji!" kinyozi alipaza sauti, akijipigapiga paja. "Ukitaka upepo tutakufunga juu ya bawa!"

Fundi naye akacheka, lakini kicheko cha meno tu. Mgongo wake ulikuwa umelowa.

Kuanzia hapo akaanza kuchomeka visingizio. Kwanza baridi ya huko, magoti yake hayataiweza. Kisha kulikuwa na jengo jipya linalotaka kufungwa lifti, hawezi kuwaachia wenzake. Kisha akauliza kwa nini wasianzie karibu, kwenye yale maporomoko ya maji yanayofikika kwa gari. Kila kisingizio muuguzi alikisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kuhesabu mapigo ya moyo ya watu, si rahisi kumdanganya. Ila safari hii dalili alizisoma vibaya.

Jumatano jioni alimfuata jikoni, akaurudisha mlango.

"Nikuulize, na unijibu kama mtu mzima. Hutaki kusafiri, au hutaki kusafiri na mimi?"

"Maneno gani hayo, mama watoto?"

"Ninayoyaona. Nimezeeka, najua. Miguu imevimba kwa kusimama wodini. Labda unaona haya kutembea na mimi mbele za wageni."

Angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni, fupi tu: naogopa. Lakini ulimi ulikuwa mzito kama nanga. Mwanamume aliyelisha nyumba kwa kuning'inia kwenye mashimo, aseme anaogopa kukaa kwenye kiti laini na kuletewa juisi? Akashika kitasa cha kabati, akakifungua, akakifunga.

"Tutazungumza," alisema.

"Hatutazungumza. Ijumaa mtoto anakata tiketi. Ukitaka kubaki, baki. Mimi nitakwenda." Akatoka, na usiku huo walilala wakipeana migongo, kila mmoja akijua kuwa mwenzake yu macho.

Alhamisi asubuhi fundi alipiga moyo konde. Alikuwa na kazi ndogo katika jengo la ofisi; alipoimaliza, badala ya kushika ngazi, alisimama mbele ya lifti aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akaingia. Alijiambia ni ghorofa moja tu. Hata mtoto hupanda ghorofa moja. Mlango ukajifunga taratibu, bila kelele, na papo hapo ikawa kama mtu amemvisha blanketi usoni. Kuta zikamsogelea. Moyo ukaanza kupiga ngoma masikioni. Akakibonyeza kitufe cha mlango mara nyingi mfululizo, na ulipofunguka alitoka akiyumba, akashika ukuta.

Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alimtazama, tambara mkononi. "Vipi, fundi, imeharibika?"

"Nzima kabisa."

"Mbona umelowa kama umetoka kisimani?"

Akaokota begi lake. Alikuwa bado ameinama simu ilipolia.

Ilikuwa hospitali anakofanya kazi mkewe. Lifti ya wagonjwa imekwama katikati ya ghorofa, na ndani kuna muuguzi na mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Fundi hakuuliza muuguzi yupi. Hospitali ile ilikuwa na wauguzi wengi, na jambo ambalo hutaki kulijua huliulizi. Alimpigia mwenzake wa kazi, wakakutana getini, wakapanda ngazi mbio, mwenzake akaendelea moja kwa moja mpaka chumba cha mashine juu ya paa. Punde sauti yake ikaja kwenye simu, inahema: breki za dharura zimeng'ata reli. Haishuki hata kidogo. Itabidi waizungushe mashine kwa mkono, waiinue lifti polepole, na hilo linahitaji muda.

Fundi alifungua kwa ufunguo wake mlango wa ghorofa ya juu, akachungulia shimoni. Paa la lifti lilikuwa chini yake kidogo.

"Aliye ndani, unanisikia?"

"Nakusikia," sauti ikajibu. Ilikuwa ya mkewe.

Kisha muuguzi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazini, haina mume wala mke: "Mtungi wa oksijeni unakwisha. Nahitaji mwingine upesi. Na daktari ajue."

Watu waliokuwa wamekusanyika nyuma ya fundi wakatawanyika kutafuta mtungi. Yeye alishuka juu ya paa la lifti, akalegeza skrubu za kifuniko cha dari, akakiinua. Chini, kwenye mwanga hafifu wa taa ya akiba, kitanda cha magurudumu kilikuwa kimejaza kibanda chote. Juu yake alilala mama mtu mzima, bado hajazinduka kwa dawa ya usingizi, na mkewe fundi alikuwa amebanwa kati ya kitanda na ukuta, mikono yote miwili ikishika taya la yule mama na kulisukuma mbele.

Mtungi ukaletwa. Akaufunga kwa kamba, akauteremsha mpaka ukatua kwenye miguu ya kitanda.

"Haya, ufunge," alisema.

"Kwa mkono upi?" muuguzi alimjibu bila kuinua uso. "Nikiliachia taya hili, ulimi unaziba koo. Shuka uje uufunge wewe."

Hakushuka.

"Unasubiri nini? Tundu linakutosha!"

"Siwezi."

"Linakutosha nakwambia, mwembamba kama wewe!"

"Si tundu," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Mimi ndiye siwezi."

Mkewe sasa aliinua macho. Alimwona mumewe amepiga magoti juu ya tundu, uso umepauka. Hakuelewa, lakini hakuwa na nafasi ya kuelewa. Mshale wa mtungi wa zamani ulikuwa umelala kwenye rangi nyekundu. Midomo ya yule mama ilianza kubadilika, ikichukua rangi ya zambarau.

"Baba," alimwita kwa upole, jina alilomwita tangu binti yao azaliwe, "huyu mama atakufa."

Fundi alifumba macho, akatanguliza miguu.

Aliposhuka, mgongo uligusa ukuta, magoti yakagusa chuma cha kitanda. Hapakuwa na pa kugeukia. Hewa ilinuka dawa na jasho. Mara moja lile ghala likamrudia zima zima, giza lake na harufu yake ya magunia, na kifua kikakataa kupokea pumzi. Akaushika mtungi, spana ikamteleza, ikaanguka chini ya kitanda kwa kishindo. Akainama kuitafuta, akahisi kama shimo zima linamwangukia kisogoni. Akaipata. Ikamteleza tena.

"Nitazame," mkewe alisema.

"Siwezi kupumua."

"Unapumua. Unaongea, basi unapumua. Nitazame mimi, usitazame ukuta." Ilikuwa sauti aliyowatolea watu wanaosubiri kisu, sauti ambayo kwa ndoa yao yote hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake. "Vuta kwa pua. Polepole. Sasa toa. Tena. Haya, geuza hiyo spana, kidogo tu. Kazi yako hiyo, unaijua hata ukiwa usingizini."

Akaigeuza. Akachomoa mpira wa mtungi wa zamani, akauchomeka kwenye mpya, akafungua. Mtungi ukapiga mluzi mwembamba, na barakoa iliyokuwa usoni mwa yule mama ikafuka mvuke. Walimtazama wote wawili bila kupepesa. Midomo ilichelewa. Ilichelewa sana. Kisha rangi yake ikaanza kurudi, kama mwanga unavyorudi chumbani wingu likipita.

Huko juu mwenzake alipiga kelele kwamba ameanza kuzungusha. Lifti ikaguguma, ikapanda unene wa kidole, ikasimama. Ikapanda tena. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye kona, paji la uso juu ya chuma baridi cha kitanda, na hapo, huku mkewe ameshika taya la mtu, alimweleza. Ghala. Sikukuu. Tochi. Maneno yalimtoka vipande vipande, bila kupambwa.

"Miaka yote hii?" mkewe aliuliza.

"Miaka yote."

"Na ngazi?"

"Ngazi ndiyo hiyo."

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu za watu, kitanda kikavutwa nje, muuguzi akiwa pembeni yake. Alitoka nacho mbio, akapotea na madaktari bila kugeuka nyuma. Fundi alibaki amekaa sakafuni, begi lake mapajani. Watu walimpiga mgongo, wakamwita shujaa. Alitaka ardhi ipasuke immeze.

Ukidhani muuguzi alirudi nyumbani na kumkumbatia, basi humjui. Alirudi amefura. Alivua viatu vyake vya kazi, akavipanga, akasimama mbele yake.

"Nimeishi na wewe nikidhani umenichoka. Jana nimelia mto mzima. Nimejitazama kwenye kioo nikajiuliza nimekosa nini. Kumbe bwana mkubwa anaogopa kusema naogopa!"

"Niliona aibu."

"Aibu kwa nani? Mimi ninayebadilisha mashuka ya watu waliojikojolea kwa hofu? Mficha maradhi, mauti humuumbua. Na wewe ilibaki kidogo tu umuumbue mwenzio aliyelala kitandani hajui hili wala lile!"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Baada ya muda mrefu mkewe aliketi, akavuta kiti chake karibu, akampa sharti moja: hakuna uongo tena, hata mdogo, hata wa kuchekesha. Naye akalikubali. Kisha wakampigia binti, wakamwambia asikate tiketi.

Na hapa ndipo paliuma. Binti alikuwa ameombea likizo tangu mwaka uliopita, na dukani hawakuwa tayari kuisogeza. Safari ikiahirishwa, yeye hayumo. Alikuja, akasikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Baba, ungesema tu," alisema. "Jumapili ya kwanza kabisa ungesema, tungepanga vingine." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Hata shemeji, aliyekuwa na mzaha wa kila msiba, siku ile alitazama viatu vyake.

Fundi alikwenda kwa mtaalamu aliyeonyeshwa na mkewe, mwanamke mpole ambaye hakumcheka wala hakumwonea huruma. Alipewa mazoezi. Jioni, watumishi wakishaondoka, yeye na muuguzi walipanda lifti ya jengo lile la ofisi, ghorofa moja, wakatoka, wakapumzika, wakarudi. Siku nyingine alishindwa hata kuingia, na wakarudi nyumbani. Siku nyingine alikwenda mpaka juu na kushuka, akaomba warudie. Mara moja alitapika kwenye chungu cha maua cha watu, wakakimbia kama wezi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya hospitali muuguzi alipocheka naye. Wakafanya safari fupi ya ndege ya kujipima na kurudi siku hiyo hiyo. Aliporudi, mashati mawili yalikuwa yamelowa, lakini alirudi.

Siku yenyewe ya safari ilipofika, binti aliwasindikiza uwanjani. Alimkumbatia mama yake. Kwa baba yake alinyoosha kola ya shati tu, akasema, "Nendeni salama."

Ndani ya ndege fundi alipewa kiti cha kando ya njia. Mlango mzito ulipovutwa na kukazwa, alisikia sauti yake ndani ya mifupa. Akafungua mkanda. Mkewe aliuona mkono ule lakini hakuuzuia. Walikubaliana kwamba uamuzi ni wake. Ng'ambo ya njia aliketi mwanamume mnene mwenye suti, mgeni kabisa. Fundi akamgeukia.

"Ndugu yangu," alisema, "nikisimama ghafla usishtuke. Mimi nina hofu ya mahali palipofungwa."

Yule mtu alimtazama, akafuta jasho la shingoni kwa leso. "Afadhali wewe umesema," alijibu. "Mimi hapa hata jina langu nimelisahau."

Kiti cha nyuma, shemeji aliingiza kichwa katikati. "Basi mnisubiri niwanyoe wote wawili, mfe mkiwa nadhifu." Muuguzi akamfinya sikio. Fundi alikaza mkanda wake tena, akaanza kuvuta pumzi kwa pua, polepole, na ndege ikaanza kutembea.

Haikuwa rahisi, asikudanganye mtu. Usiku ulikuwa mrefu, na kuna saa alisimama chooni, mlango wazi, amegandamiza paji la uso kwenye kioo, na mhudumu akamlinda asisumbuliwe. Lakini walifika. Waliiona ile nchi, si yote, maana yote haionekani. Muuguzi alisimama kwenye dirisha la treni asubuhi nzima, mikono nyuma, mpaka chai yake ikapoa na kuletwa nyingine ikapoa nayo. Shemeji aliteleza kwenye mchanga kwa ubao, akavunjika kidole cha mguu, akachechemea safari yote iliyobaki akidai ndiyo kumbukumbu yake.

Kwenye kituo kimoja kidogo katikati ya tambarare, treni iliposimama, fundi alishuka kunyoosha miguu, akampigia binti yake.

"Mmefika wapi?" binti aliuliza, sauti yake kavu kidogo.

"Sijui mwanangu. Pakubwa tu. Nilitaka kukwambia samahani, nikiwa hapa ambapo ungekuwa na wewe."

Upande wa pili alisikia kelele za dukani, hanga za nguo zikigongana, mtu akiuliza saizi ya suruali.

"Upepo upo?" binti aliuliza mwishoni.

"Mwingi."

"Basi nipigie picha, Baba. Na usimpe mjomba simu, atapiga picha zake mwenyewe."